Namba kwa Rangi ya Kucha

Fundi Sikio hakuwa mtu wa wivu. Yeye mwenyewe alisema hivyo kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Lakini Jumanne ile asubuhi, alipoinua macho kutoka kwenye meza yake ya kazi akamwona mkewe wa ndoa, mama wa pacha wake, amesimama kwenye foleni ya dirisha la pili, bisibisi ilimponyoka ikabingirika hadi chini ya kabati. Hakuinama kuiokota.

Ghala la silaha la kampuni yao ya ulinzi lilikuwa na madirisha mawili yenye nondo, na nyuma ya kila dirisha fundi mmoja. Mlinzi akifika kazini anatoa kipande chake cha shaba, anapewa bastola. Akitoka kazini anarudisha bastola, anachukua kipande. Dirisha ni hiari ya mlinzi. Kwa miaka kumi na moja hiari hiyo haikuwa na maana, kwa sababu dirisha lilikuwa moja, na lilikuwa la Sikio.

Jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea bastola inayosumbua, aliitoa magazini, akahakikisha mtutu ni mtupu, akaisogeza karibu na sikio, akavuta kile kipande cha juu nyuma na kukiachia. Chwak! Anafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. "Spring imechoka," anasema. Au, "Hii ina uchafu tu, iogeshwe mara moja." Na mara nyingi alipatia. Walinzi walimpa kichwa, naye kichwa akakipokea chote.

Halafu akaja yule mwingine. Kabla ya kusomea silaha alikuwa akitengeneza vyerehani, basi walinzi wakamwita Cherehani, naye akaitika bila kinyongo. Hakusikiliza bastola hata moja. Aliuliza maswali. "Ilikwama risasi ya ngapi? Ulikuwa umeisafisha lini? Ilikuwa na magazini gani?" Sikio alikuwa akicheka pembeni. Fundi anayeuliza, alisema, ni daktari anayemuuliza mgonjwa ampe dawa gani. Walinzi nao walicheka, kisha mmoja mmoja wakahamia dirisha la pili.

"Sikio, foleni yako imeingia kutu?" dereva wa gari la fedha alimtania wiki iliyopita.

"Wanaojua wapo," alijibu. Kijiba cha roho kilikuwa tayari kimemkaa kooni.

Ila mkewe! Mama Pacha alikuwa mlinzi wa lango la benki, na bastola yake ilikuwa namba kumi na tisa. Mwezi mzima ilikuwa ikimkwamia mazoezini. Risasi mbili tatu zinatoka vizuri, ya nne inainuka nusu, inabanwa mdomoni. Sikio aliibadilishia spring, akaisugua, akaisikiliza mara tatu. Bastola ilikuwa nzima. Kwa kuwa bastola ilikuwa nzima na fundi alikuwa yeye, alibaki wa kulaumiwa mmoja tu, naye akamlaumu mezani, watoto wakisikia.

"Mama Pacha, tatizo ni mkono wako. Unaishika kilegevu. Bastola ikishikwa hivyo lazima ikwame."

Mkewe alikusanya sahani akaenda kuziosha. Sikio akadhani maneno yameingia, na kwa kweli yalikuwa yameingia.

Sasa Jumanne hii anamwona pale, ameegemea nondo za mwenzake, anacheka kwa sauti ndogo, na Cherehani anainamisha kichwa kumsikiliza. Nyumbani kicheko hicho hakikuwa kimesikika karibu wiki tatu. Sikio aliwahesabia muda. Walizungumza dakika sita, na bastola hupokelewa kwa dakika moja.

Saa nne Cherehani alipotoka kwenda kupeleka ripoti, Sikio alifungua kabati la magazini wanalotumia wote wawili. Chini ya kila magazini palikuwa na namba ya bastola, imeandikwa kwa mkono mzuri, kwa rangi ya zambarau iliyokolea. Zote arobaini! Yeye Jumatatu alikuwa mapumzikoni, na hivi ndivyo mwenzake alivyoitumia Jumatatu. Kando, ndani ya kopo la maziwa ya unga, zilikuwamo tatu zenye alama ya mkasi juu ya namba. Kopo limeandikwa: WAGONJWA.

Sikio alikuwa na utaratibu wake, na kampuni nzima iliujua. Kila Ijumaa magazini zote zinaingia kwenye beseni la bluu lenye mafuta ya taa, zinasuguliwa, zinakaushwa kwa kitambaa, zinagawiwa upya. Hakuna aliyeuliza ipi ilikuwa ya nani. Magazini ni magazini, kama vijiko vya mgahawani. Sasa huyu fundi wa vyerehani anaandika majina kwenye vijiko!

Lakini hilo lilikuwa dogo. Aliinusa ile rangi. Akaenda kwenye meza ya Cherehani, akavuta droo. Kichupa cha rangi ya kucha kilikuwa pale, na kifuniko chake kimezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Utepe ule aliuzungusha yeye, kwa mkono wake, mwaka jana, kifuniko kilipopasuka na Mama Pacha akakataa kukitupa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aliijua tangu utoto, ila siku hiyo ndipo ilipomng'ata.

Jioni nyumbani alizunguka mbuyu. Alisifu chakula, akauliza habari za watoto shuleni, kisha akasema kana kwamba ni wazo lililopita tu njia, "Siku hizi hupaki kucha rangi. Ile ya zambarau iko wapi?"

Mama Pacha alikunja nguo mbili kabla ya kujibu. "Imeisha."

Basi. Hakuuliza zaidi. Mwanamume mwenye akili angeuliza swali la pili, lakini wivu hautaki majibu, unataka ushahidi, na yeye tayari alikuwa nao wa kutosha kumkosesha hamu ya kula. Alimwona mkewe na Cherehani katika kila pembe ya nyumba: anampa kichupa, vidole vinagusana, wanacheka. Wanamcheka nani? Yeye, bila shaka.

Jumatano, Cherehani alipokwenda kula, Sikio alitoa mfukoni chupa ya dawa ya kutolea rangi na pamba. Alifuta zote. Alianza na namba kumi na tisa, akaisugua hadi chuma kikang'aa, kisha nyingine, kisha zile za kwenye kopo. Akazimwaga zote kwenye beseni la bluu, wagonjwa na wazima, akakoroga. Magazini ni magazini, alijiambia. Na kwa haki yake tuseme kwamba aliamini hivyo.

Cherehani aliporudi alilikuta beseni limejaa. "Leo si Ijumaa, kaka," alisema.

"Kesho ni mtihani. Nataka ziwe safi."

Cherehani alirudi mezani kwake.

Mtihani wa shabaha ulifanyika mara moja kwa mwaka, na sheria ya Afande, mkuu wa walinzi, ilikuwa fupi: ukikwama mara mbili, iwe kosa ni lako au la bastola, unavuliwa bastola. Unapewa filimbi na geti la magari, na marupurupu ya silaha unayasahau. Alhamisi asubuhi Cherehani alitangulia uwanjani kupanga shabaha, kwa hiyo Mama Pacha hakuwa na budi kuja dirisha la mumewe. Sikio alifurahi kimoyomoyo. Alimkabidhi namba kumi na tisa na magazini mbili zilizokuwa juu ya rundo, bila kuzitazama.

"Shika imara," akamwambia.

"Nitashika, Baba Pacha."

Mlinzi wa tatu kupiga alikwamiwa mara moja. Wa saba pia. Afande, mwanajeshi mstaafu asiye na mzaha, alikunja uso. Kisha ikafika zamu ya Mama Pacha. Alisimama vizuri kuliko wote. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikabanwa. Akaigonga magazini kwa kiganja, akavuta, akaendelea, kama walivyofunzwa. Mbili zikatoka. Ikabanwa tena.

"Simama!" Afande alisema. "Mara mbili. Weka chini."

Mama Pacha aliishusha bastola kwenye meza, mtutu ukielekea kwenye tuta la mchanga, akaichomoa magazini, akaigeuza chini juu. Aliitazama. Akainusa. Kisha akamtazama mumewe, si usoni, bali mikononi. Sikio aliificha mikono nyuma, akachelewa. Pembeni mwa kucha zake zote rangi ya zambarau ilikuwa imeganda.

"Kazi hii ni ya nani?" Afande aliwauliza mafundi.

Cherehani alisogea mbele. "Yangu, Afande. Magazini ndizo mbovu. Midomo yake imepanuka, spring zake zimelegea. Nilizitenga, lakini sikuzifungia. Kosa ni langu."

Sikio alimwangalia mtu huyo anavyobeba mzigo usio wake, akatamani amchukie zaidi. Hakuweza. Mkewe alikuwa amemsogelea, akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia watoto wakiwa wamelala.

"Mimi ndiye niliyegundua. Uliposema mkono wangu umelegea, nilitia tone la rangi chini ya magazini yangu. Ijumaa ukaichanganya kwenye beseni. Wiki iliyofuata ikamkwamia mwenzangu wa lango la pili, na tone langu lilikuwa pale chini. Bastola nyingine, mkono mwingine, magazini ileile. Hazikuwa bastola, Baba Pacha. Lilikuwa beseni lako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nini?"

Alijua angesema nini. Alikuwa ameshalisema.

"Na ningemwambia Afande, wangekufungia dirisha. Ndipo nikampa Cherehani kichupa, nikamwomba aandike namba taratibu, aseme ni mazoea yake ya vyerehani, wewe usiaibike. Juzi dirishani tulicheka kwa sababu alisema yeye hajui kupaka kucha, amezipaka hovyo."

Afande alikuwa tayari ameshika kalamu, anaandika jina la Cherehani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Sikio aliona kwamba maradhi haya yangemuumbua mtu mwingine. Angenyamaza, angebaki na dirisha lake, na lile la pili lingekuwa tupu. Ndicho alichokitaka tangu mwanzo, kipo mkononi.

"Afande," alisema, akaonyesha mikono yake mbele ya watu wote. "Ni mimi. Nilifuta namba. Nilichanganya mbovu na nzima. Kwa wivu."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Afande alilikata jina moja akaandika lingine, kisha akaamuru Mama Pacha arudie, kwa kuwa sheria yake haikutaja hila ya fundi.

Cherehani alikagua magazini moja moja palepale uwanjani, akatoa mbili nzima. Kabla ya kurudia mtihani, Mama Pacha alimletea mumewe bastola tupu. "Sikiliza."

Aliisogeza sikioni. Chwak. "Nzima," akasema.

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako haujawahi kulegea."

Mama Pacha alipiga kumi, zote zikatoka, nane zikiwa ndani ya duara.

Jumatatu iliyofuata Sikio alikuwa getini na filimbi shingoni. Kutoka pale aliliona ghala vizuri, dirisha moja likiwa na kufuli, na foleni yote kwenye jingine. Jioni mkewe alikuja kurudisha namba kumi na tisa. Aliegemea nondo, akasema jambo, Cherehani akainamisha kichwa kumsikiliza. Wivu ulimshika Sikio palepale, mkali kama wa siku ya kwanza, ila safari hii alijua unadai nini. Haukuwa wivu wa vidole kugusana. Miaka kumi na moja alisikiliza kila bastola ya kampuni, na mkewe alipokuwa na neno, ilibidi alipeleke kwenye dirisha la mtu mwingine.

Mama Pacha alichukua kipande chake, akaja getini. Sikio alimfungulia.

"Siku imekuwaje?" akamuuliza, kisha akanyamaza kumsikiliza.