Mkono Usiovimba

…na kama ingekuwa malaria angetetemeka kwanza, angedai blanketi mbili na kunigombeza kwamba nimeacha mlango wazi, ndivyo Nyota anavyougua malaria, katika miaka tisa ya ndoa nimeizoea, lakini leo hakutetemeka, aliamka tu akasema mgongo, akashika kiuno kwa mikono miwili akasema tena mgongo, na sasa ameketi mkekani na fungu la pondu, majani ya muhogo, mapajani, ananyambua majani kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana ubavuni kwa ajili ya kipimajoto, nami nimeshika saa, dakika tano, nimemwambia, kwapani si chini ya tano, na imepita moja… anasema chumvi imekwisha, anasema jirani yetu Pélagie anayo ile ya kuchoma majani ya mtoni, nyeusi lakini inatia ladha, nami naitikia ehe, ehe, sijui ninachoitikia, namtazama paji la uso, laini bado, mashavu laini, hakuna hata kipele, lakini kipele huja siku ya tatu, kwanza joto na mgongo, halafu siku ya tatu mdomoni, usoni, mikononi, nimeviona hivyo vipele, najua vinavyojaa na vinavyozama katikati kama vilivyobonyezwa kwa kidole, ee Mungu, iwe malaria, sijawahi kumwombea mtu malaria maishani mwangu… redio ya jirani inasema ndege ya adui ilipita jana juu ya mji wetu wa Kisangani ikarudi, haikuthubutu, kwa sababu majeshi ya Simba yana maji yao ya dawa na risasi haziwaingii, inasema hivyo kila asubuhi tangu waasi hao wachukue mji mwezi wa nane, na mimi muuguzi Feruzi, mwenye diploma yenye mhuri, nilikuwa nikicheka ndani ya tumbo kila niliposikia maneno hayo, sasa sicheki.

Hesabu haidanganyi, siku kumi na tatu tangu aingie kumuuguza Angélique, na ndui hujificha siku kumi na mbili, kumi na tatu, inakaa kimya mwilini mtu akila, akicheka, akinyambua pondu, Daktari, mzungu wetu wa zahanati, alitufundisha mwaka wa hamsini na nane, tulikuwa wanafunzi sita na hadubini moja, alituchoma vidole akaweka tone la damu chini ya kioo akatuambia tazameni, nikaona vile vidude vyeupe vikisogea polepole, kimoja kilikuwa kinakizunguka kitu cheusi mpaka kikakimeza, nikasahau hata kidole kinachouma, akasema hao ni walinzi, wapo wa namna mbili, wa kwanza wapo mlangoni daima, humla yeyote asiye wa nyumbani, hawaulizi jina, lakini wapo wengine ambao ni lazima kwanza wamjue adui kwa sura, wakishamjua hutengeneza silaha ya kumfaa yeye peke yake, na kujua huko huchukua siku nyingi, wiki moja, mbili, na adui hangoji, hapo ndipo watu wanapokufa, walinzi wakiwa bado shuleni… ndiyo maana ya chanjo, akasema, unawaletea adui dhaifu wajifunze naye, mkono utavimba, tezi za kwapa zitauma, mtoto atachemka siku mbili na mama yake atakutukana, mshukuru akikutukana, kwa sababu joto si ugonjwa, joto ni kazi, ni mwili unafanya kazi, na baadaye mwili hausahau, miaka na miaka hausahau, akija ndui mwenyewe anakuta wamekwishamjua… mwezi wa saba mwaka wa sitini Daktari alipanda ndege na sanduku moja, wazungu wengi walikuwa wanaondoka wiki ile, akanipa funguo za zahanati akasema Feruzi, linda baridi ya friji kuliko unavyolinda mlango, nikaona ni maneno ya mzungu aliyechanganyikiwa, tulikuwa na uhuru wa siku kumi na tano tu, nani alikuwa na nafasi ya kufikiri juu ya friji.

Dakika ya pili inaisha… anauliza kama mwanetu Asumani amevaa viatu huko Ubundu kwa bibi yake, nasema bila shaka amevaa, najua hajavaa, anasema huyo mutoto iko mukaidi sana, na anatabasamu, na midomo yake imekauka, mbona sikuona kwamba midomo imekauka… friji ya zahanati inatumia mafuta ya taa, mwali mdogo wa bluu chini yake, nimeulinda miaka minne, wakati wa njaa, wakati wa serikali hii na serikali ile, mpaka Simba walipochukua pipa letu la mafuta, mwali ukazimika siku ya Jumatatu, na kwa joto la Kisangani chanjo ya ndui ndani ya vile vijineli vya kioo haimalizi wiki, inakufa, unaitazama na ni nyeupe vilevile, haibadiliki rangi wala harufu, ila imekufa, nayo ilikaa siku kumi na moja ndani ya friji iliyozimika, kisha ikaja mashua kutoka Basoko na maiti mwenye vipele, watu wa mtaa wakaanza kulia, na komanda wa mtaa wetu, kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli zetu mwaka jana, akaja na kipande cha ngozi ya chui kichwani akasema nichanje watu wote, nikamwambia friji haina mafuta, akaniambia pétrole iko ya vita, alors dawa yako inaogopa joto, yetu haiogopi kitu, na wale aliokuja nao wakacheka, nami nikanyamaza, kwa sababu karani mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo na kofia yake tu ndiyo iliyorudi… niliogopa, ndilo neno, nimejaribu majina mengine kwa wiki nne, nilisema natuliza watu, nilisema labda kijineli kimoja kati ya kumi kina uhai, lakini jina lake ni woga, na watu walipositasita kwenye mstari nilimwita Nyota, mke wangu, aje awe wa kwanza waone kwamba hakuna hatari, akakunja mkono wa kitenge chake mbele ya watu mia, nikamkwaruza, tone moja la maji yaliyokufa, akawageukia akasema ni kama kuumwa na siafu tu, wakacheka, mstari ukasonga. Angélique muuza samaki alikuwa wa tano. Nilichanja mia moja na kumi na wawili siku ile, na kila mmoja nilimwambia sasa umekingwa. Yule komanda huwanyunyizia vijana maji na kuwaambia risasi haziwaingii, akifa mmoja husema alivunja mwiko, na mimi nilikuwa na koti jeupe tu, hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kati yetu.

Wiki ikapita na hakuna mkono uliovimba, hata mmoja, na walinishukuru, hilo ndilo linalonikosesha usingizi, walinisimamisha njiani, Pélagie akaniletea ndizi, wakasema Feruzi mkono wako mwepesi, wazungu walikuwa wanatuumiza bure, wewe hukutuumiza, wakanionyesha mikono laini kwa fahari, nami nikapokea ndizi… mikono laini, mia moja na kumi na wawili, na ndani yake walinzi wamelala, hawakufundishwa kitu… kisha Angélique akashikwa, wakampeleka kwenye kibanda cha upande wa reli, na desturi yetu tangu babu zetu ni kwamba kwa mgonjwa wa ndui huingia mwenye makovu tu, yule ambaye ndui ilimpita ikamwacha, wazee hawakuwa na hadubini lakini walilijua hilo, na katika mtaa mwenye makovu alikuwa Mama Julie peke yake, naye alikimbilia Yanonge kwa mtumbwi siku Simba walipoingia, basi watu wakaanza kusema mwenye chanjo ya Feruzi ni sawa na mwenye makovu… na mimi, mimi niliyechanjwa mara tatu na Daktari, mwenye makovu matatu begani, ningeweza kuingia, nilisema mwanamke huuguzwa na mwanamke, kumbe nilishindwa kumtazama Angélique machoni, nilimwambia amekingwa. Nyota akasimama mlangoni asubuhi ile na beseni na kitambaa akasema naenda kwa Angélique, nilikuwa nanyoa ndevu, sabuni shavuni, ningeweza kusema usiende, lakini usiende ingetaka sababu, na sababu nilikuwa nimeimeza, nikasema haya. Haya. Sikumtazama hata kwenye kioo. Alimwogesha siku nane, akamlisha uji kwa kijiko, siku ya tisa akamvika sanda, akarudi nyumbani akanawa akanipikia, nami nikala, nikihesabu siku kila tonge. Nimewaambia wagonjwa wangapi mficha maradhi kifo humuumbua, nimelisema kwa sauti ya ukubwa, nikiwa na kalamu mfukoni.

Dakika ya tatu… sasa hivi ndani yake wale wa mlangoni wanakula wanachoweza, wanakufa wanapokula, na wale wengine ndio kwanza wanatazama sura ya mgeni, hawaijui, kwa sababu yangu hawaijui, wanatengeneza silaha na wamechelewa siku kumi na tatu, na joto hilo chini ya kwapa ni wao, ni juhudi yao, watatu kati ya kumi hufa, Daktari alisema watatu, basi saba hupona, nang'ang'ania saba… anasema Pélagie amepita alfajiri, kaka yake ameshikwa jana, wamempeleka kibandani, nasema ehe, anasema Pélagie anaoga tu halafu anaenda kumuuguza, nasema ehe, kisha naona kwamba mkono umeacha kunyambua majani, ananitazama, amekuwa akinitazama kwa muda, anasema polepole, "Papa Asumani. Ile frigo ilikufa. Nilijua." Anaendelea bila kupandisha sauti, "Ulipochanja Asumani, mukono yake ilivimba, alilia siku mbili, nilikutukana sana. Yangu haikufanya kitu. Mimi si mutoto, naona." Namwuliza, "Alors kwa nini uliingia?" Naye anashangaa, anashangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linawaka. "Angélique alikuwa analomba mayi," anasema, aliomba maji tu. "Nani angemupa?"

Kwa siku kumi na tatu nimelala na jambo moja, kwamba mimi ndiye niliyemtuma, uongo wangu ulimshika mkono ukamwingiza mle, lilikuwa zito lakini lilikuwa langu, nilikuwa katikati ya jambo, na sasa ananiambia kwamba hakutumwa na mtu, alisimama mlangoni na beseni akijua, akasikia haya yangu, akajua pia hiyo haya ni kitu gani, akaenda… nimeishi na mtu huyu miaka tisa nikimfundisha kunawa mikono, nikimwambia mambo ya chembe nyeupe kama anayesomea mtoto, nami sikumjua, sikujua nimeoa mtu mkubwa kiasi hiki, nampenda na nimechelewa, na ninaogopa, si komanda sasa, naogopa nyumba hii bila sauti yake… hakunilaumu, hajanilaumu bado, afadhali angenitukana… anasema, "Mimi nilijua, niliingia. Pélagie hajui. Anasema iko na chanjo ya Feruzi. Bale bengine bote banasema hivyo." Natazama mlango, nyumba ya Pélagie ni ya nne, mtu akioga huchukua muda gani, na barabarani wapo vijana wawili wa komanda wameegemea ukuta, nikilisema neno hilo uani kwa Pélagie litafika kwao kabla sijarudi, namwambia Nyota kwa upumbavu kwamba kipimajoto bado, imebaki dakika moja, niisome kwanza, na yeye anachukua shina lingine la pondu, anasema, "Hii joto najua yenyewe. Ile dakika iko ya Pélagie."

Na najua nitakachosema, si kwamba chanjo imeisha nguvu, si kwamba huenda, najaribu maneno mdomoni bila sauti, ilikuwa imekufa kabla sijakuchanja, Pélagie, nami nilijua, usiingie, nitaingia mimi… redio inapiga muziki sasa, mmoja wa wale vijana anatikisa kichwa kuufuata, magoti yangu hayajanyanyuka bado, saa iko mkononi, majani yanaangukia bakulini, na mke wangu amebana ubavu wake vizuri kipimajoto kisianguke.