Tangazo la Msiba Lililokatika

Programu ya kunakili vipindi ilikuwa ikijiendesha jioni, redio ikishafunga. Lakini umeme wa mtaa ule ulizoea kukatika jioni, nakala zikabaki vipande. Kwa hiyo Eliana, fundi wa kompyuta katika kituo hicho kidogo cha Singida Mjini, aliipanga ianze saa nane mchana, matangazo ya vifo yakiwa yamekwisha na muziki umeanza.

Siku moja matangazo yakawa mengi kuliko kawaida. Saa nane ikamkuta Gerald, mtangazaji, bado anasoma.

Eliana alikuwa barazani na Mzee Laurian wa Unyambwa, aliyeleta tangazo la msiba na sasa alitaka kulisikia mwenyewe. Kwenye karatasi ya Gerald liliandikwa: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Leonidas Njoghomi, shemeji yake Mzee Laurian Mughenyi wa Unyambwa." Papo hapo programu ya kunakili ikaanza, na kompyuta iliyokuwa ikipitisha sauti ikaelemewa. Redioni kikasikika "kifo cha", kisha kimya, kisha "Mzee Laurian Mughenyi wa Unyambwa. Habari zimfikie binti yake Hana, aliyeko Ikungi."

Mzee aligeuka. "Mwanangu, mbona nimekufa mimi?"

Eliana alishakimbilia ndani. Aliisimamisha programu, akamwashiria Gerald arudie. Gerald akarudia mara mbili, taratibu, akaomba radhi. Eliana alipotoka, mzee alikuwa na simu sikioni.

"Hapokei. Na huyu mtoto ana presha."

Alipopiga tena akapokea jirani. "Hana katoka mbio analia, simu kaiacha kwenye chaji. Kwani wewe nani?"

"Ni mimi, Laurian."

Simu ikakatika.

Wakaenda standi ya mjini kumsubiri, maana lazima angepitia hapo kwenda Unyambwa. Basi la kwanza kutoka Ikungi liliingia, Hana hakuwemo. Akilini Eliana alimwona ameanguka njiani, watu wamemzunguka, hakuna anayemjua. Hakuthubutu kumtazama mzee usoni.

"Nisimame wapi?" mzee aliuliza. "Akiniona ghafla je?"

"Kaa nyuma yangu, babu. Nitaanza mimi."

Basi la pili likaja. Mwanamke mmoja akashuka, kajifunga kanga vibaya, ndala za miguu miwili hazifanani. Mzee akamgusa Eliana bega: ndiye.

"Dada Hana, baba yako mzima, redio ilikosea..."

Hana alimpita kama hakusikia. Mzee akashindwa kuvumilia. "Hana!"

Hana akaketi palepale chini, katikati ya mizigo ya watu, akaushika mguu wa suruali ya baba yake. Alicheka huku machozi yanamtoka. Baadaye akainua uso.

"Sasa nani amekufa?"

"Mjomba wako Leonidas."

Kicheko kikaisha. Mjomba huyo ndiye aliyemlea Hana baada ya mama yake kufariki. Akalia upya, kwa sauti ya chini, na Eliana hakujua aweke wapi mikono yake.

"Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyeipanga kompyuta inakili saa ile, ikakata tangazo."

"Sina neno na wewe leo," Hana alisema. "Niache nimlilie mjomba."

Kesho yake Eliana aliihamishia programu alfajiri, kabla redio haijafunguliwa. Akaja mwenyewe kuisimamia, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta bila kunywa hata chai, kidole juu ya kitufe cha kuisimamisha, mpaka ilipomaliza.