Mikataba Mitatu Ndani ya Gari Moja

Miaka kumi na tisa nimeendesha gari la serikali huku kwenye jangwa la Gobi, na bosi niliyemheshimu kuliko wote ni Mama Dolgorsuren, aliyesimamia mkataba wa kimataifa wa kuzuia kuenea kwa jangwa.

Majira fulani ya kuchipua tulifika kwa Mzee Luvsandash, mfugaji wa ngamia, kupima mchanga unavyosogea. Hata chai haijamiminwa, akatuwakia.

"Nyie mna nini lakini? Jumatatu kaja mtu wa tabianchi, anataka kupanda miti ya popla elfu kumi kwenye korongo langu. Jumatano binti wa wanyamapori, anataka kuliwekea uzio. Leo nyinyi. Wote mnauliza nina ngamia wangapi! Kwani huko mjini hamsalimiani?"

Nilicheka. Mama uso ulimshuka kwa aibu.

Hakupoteza muda kuandika barua. Wiki iliyofuata aliwapakia wenzake wawili kwenye gari letu: Chimeddorj wa mkataba wa tabianchi na Uyanga wa ule wa bioanuwai, yule binti wa wanyamapori. Walinuniana njia nzima. Korongoni ndipo walipolipuka.

"Kaka, popla zako zitafyonza maji yote. Punda mwitu wanywe nini?"

"Na uzio wako? Ngamia wa mzee watapita wapi, hewani?"

Mzee Luvsandash aliwaongoza hadi kwenye shimo ambalo punda mwitu walikuwa wamelifukua kwa kwato. Chini kulikuwa na maji, na kando nyayo za ngamia, mbuzi na mbweha.

"Wao wanachimba, sisi tunakunywa. Maji haya yakikauka, tunahama wote."

Mama akatandaza ramani juu ya boneti.

"Kila mtu aseme anaacha nini. Naanza mimi. Naacha ukuta niliopanga kujenga wa kuzuia mchanga, maana ungeziba njia ya punda."

Uyanga akaacha uzio. Chimeddorj aliketi juu ya jiwe. Mradi wake ulikuwa umeshapitishwa na wakubwa.

"Nitaandika kwamba nilikosea," alisema hatimaye.

Wakakubaliana kupanda zag, mti wa hukuhuku. Unakua taratibu, lakini unashika mchanga, unahifadhi kaboni na wanyama wanaula. Mahali pa kuupanda alionyesha mzee mwenyewe, mbali na korongo.

Mjini, Chimeddorj aliitwa kukaripiwa. Mama Dolgorsuren aliingia naye bila kualikwa, akamwambia mkubwa, "Kosa ni letu watatu. Hatukuulizana." Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika faili, nikasikia kila neno. Mkubwa aliguna, kisha akauwekea sahihi mpango mpya.

Mwaka ule ripoti moja yenye majina matatu ilikwenda kwenye mikataba yote mitatu. Leo, majira ya nne ya kuchipua, zag zimenifika kiunoni na mchanga umesimama nyuma yake. Uyanga na Chimeddorj bado wanabishana, ila sasa wanabishania kiti cha mbele.