Miche Arobaini na Mti wa Zahanati

Jumamosi saa mbili asubuhi, Mama Miche, mwenye kitalu uani kwake, alivuta kamba kutoka duka la vifaa hadi lango la zahanati, na majirani wakachimba mashimo arobaini kando ya barabara, wakapanda miche yake. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Kinyozi wa kona, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika jembe, alitoka malengelenge viganja vyote viwili, akawa anamwonyesha kila apitaye kana kwamba kavishwa nishani.

Bwana miti wa manispaa alikuwa ameshatoa amri. Mti mkubwa wa mbele ya zahanati, wa mwisho mtaa mzima, ungekatwa kupisha maegesho ya magari, isipokuwa kama wakazi wangeonyesha miche arobaini iliyo hai kando ya barabara mwisho wa kiangazi. Aliijaza fomu, akagonga muhuri, halafu akalitia kufuli bomba la barabarani ili maji yasichezewe.

Mama Miche aliukubali mtihani huo kwa ajili ya mumewe. Mzee alikuwa tarishi miaka thelathini na mmoja, na sasa kifua kilikuwa kimemwelemea. Kila Jumanne alikaa chini ya mti ule tangu asubuhi mpaka jina lake liitwe, na siku nyingine liliitwa alasiri. Juani asingedumu. Daktari alishalisema hilo, ingawa mkewe hakuhitaji kuambiwa na daktari.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, miche ilirudi nyumbani. Ilikuja kwa mstari, ule mdogo ukiwa mbele, mizizi imejaa vumbi, na kila mmoja ukaingia kwenye kiriba chake cha zamani kitaluni. Mama Miche alikuwa anasuuza vyombo.

"Mmekunywa nini tangu asubuhi?" aliiuliza, akaimwagia maji ya vyombo.

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Haya, wahenga hawakuishi mtaa ule.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi majirani waliirudisha miche mashimoni kwa toroli, kila mtu na ndoo yake ya maji, na maji yakanywewa na vumbi kabla ya saa sita. Saa tisa miche ikarudi. Kinyozi alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba mmoja ulikatiza dukani kwake bila kufuta miguu.

Mama Miche akaenda manispaa kuomba bomba lifunguliwe.

"Litafunguliwa siku ya sherehe ya kupanda miti, mama yangu," alisema bwana miti.

"Na hiyo sherehe ni lini, mwanangu?"

"Mwakani. Halafu mche wenye nguvu za kutembea hauna kiu."

Akamsihi basi angalau aje kukagua asubuhi. Bwana miti alisema asubuhi ana vikao, na mchana jua linamletea kipandauso. Alikuja siku ya mwisho ya kiangazi, saa kumi na moja jioni, jua limepoa, akayapita mashimo arobaini moja moja, akaandika sifuri.

"Iko uani kwangu, yote, hai! Njoo uione kwa macho yako."

Alikwenda, akaiona. Hata jani moja alilishika. "Mizuri kweli, hongera," alisema. "Lakini fomu inasema kando ya barabara." Mama Miche alilia mbele yake bila kuficha uso, na yeye akangoja kwa adabu amalize, ndipo akampa kalamu atie sahihi.

Wenye misumeno walipofika Ijumaa asubuhi, mti haukuwepo. Ulikuwa umeondoka alfajiri, ukapita mbele ya duka la vifaa, ukabomoa kipande cha ukuta wa jirani, ukasimama uani kwa Mama Miche juu ya kamba ya nguo.

"Karibu," Mzee aliuambia kutoka kitini. "Ila paa hilo, tafadhali, tumelihangaikia."

Wenye misumeno walimwomba mlinzi wa zahanati asaini kwamba kazi imekamilika, naye akasaini. Shimo likajazwa kokoto. Gari la kwanza kuegeshwa hapo lilikuwa la bwana miti.

Jumanne ikafika. Ua mzima ulikuwa kivuli kitupu, baridi ya kumfanya mtu asinzie.

"Kaa hapa, baba, nikakushikie nafasi," alisema mkewe.

"Nesi anataka mgonjwa mwenyewe. Asiyeitika anarudi wiki ijayo. Twende tu."

Wakaenda, wakipita mashimo arobaini. Mzee akakaa kwenye kokoto, palepale alipozoea, karibu na gurudumu la gari. Mkewe akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie. Asubuhi kilimfunika mwili mzima. Saa nne kilimfunika kichwa na mabega. Ilipotimia saa sita kivuli kikaishia miguuni pake mwenyewe, na jina la Mzee lilikuwa bado halijaitwa.