Birika la Chai Kwenye Mizani ya Malori

Niliota jana usiku kwamba birika langu la chai limepandishwa cheo. Limevaa kofia ya sare, linasimamia mizani ya malori kwenye barabara kuu ya Same, nami nipo kwenye foleni, katikati ya lori la saruji na lori la vitunguu. Niko na wanangu: Nakijwa wa darasa la pili na mdogo wake Mbazi, ambaye kutembea anajua ila hataki.

Sikushangaa. Nilipotolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nesi aliniruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja. "Mama Nakijwa, usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai." Sasa kama birika ndilo kipimo, cheo linastahili.

"Mzigo gani?" linauliza.

"Watoto, afande."

"Aanze mdogo."

Mbazi anapanda. Mshale unaruka.

"Amezidi. Mpunguze."

Namvua viatu. Anatoa jiwe mfukoni. Anatua hata kilio chake cha asubuhi, nacho kinabingirika hadi chini ya lori la saruji. Bado amezidi.

"Huyu hanyanyuliwi," linasema birika na kutoa mvuke.

Hapo hasira zikanipanda. Tangu nirudi kutoka hospitali, mtoto huyu kila siku ananinyooshea mikono, nami kila siku namwambia baadaye.

"Afande, sheria inakataza kunyanyua. Kukaa je?"

Sikungoja jibu. Nikakaa chini pale pale juu ya mizani. Mbazi akanikwea kwa upande wa kulia mpaka mapajani, akatulia tuli. Birika likafikiri sana, kifuniko kikigongagonga.

"Haijakatazwa," likakiri. "Anayefuata."

Anayefuata ni Nakijwa, na hapo ndipo penye kazi. Jioni ile kabla ya upasuaji nilikuwa namsuka mtindo wa twende kilioni. Gari la kunipeleka hospitali likafika sijamaliza, kikabaki kishungi kimoja juu ya sikio la kushoto. Likizo nzima hajaruhusu mtu akiguse. Wifi yangu Nanzia, aliyekuja kuniuguza, akishika kitana tu mtoto yuko uvunguni. "Hapa ni pa mama," anasema. Na mwalimu ameshaagiza: shule ikifunguliwa Jumatatu, aje amesukwa kichwa kizima, la sivyo anyolewe.

Birika likapima kishungi peke yake. Mshale ukapita uzito wa saruji, ukapita vitunguu, ukakatika.

"Nywele hizi zimebeba nini?"

"Zinanisubiri," nikasema. Ningekuwa macho ningelia. Ndotoni niliomba kitana tu.

Mtu akaniita kutoka kwenye benchi la abiria. Ni titi langu la kushoto, limeketi na mkoba pembeni.

"Za siku?" nikalisalimu.

"Nzuri tu. Nimestaafu. Nimenyonyesha wawili, inatosha. Lakini mkono nilikuachia, mbona huutumii?"

"Haufiki juu."

"Umeuuliza ukuta?"

Barabara ikasimama wima, ikawa ukuta wa sebuleni kwangu, ule ninaoufanyia zoezi la kupandisha vidole. Alama ya mkaa ipo pale nilipofikia Ijumaa, usawa wa bega.

"Karibu," ukuta ukasema. "Uliishia hapa."

Vidole vinapanda, kimoja baada ya kingine. Kovu linavuta na kulalamika, nami naliachia lilalamike kama shangazi kwenye msiba. Vidole vinapita alama. Vinapita kalenda. Juu ya kalenda ukuta umeota nywele, laini, nyeusi, nazijua. Nagawa njia, nachota mafuta ya nazi, nasuka. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unapitisha, kama zamani. Birika linapiga mluzi kwamba zamu imekwisha, lakini nami nimeshafunga ncha.

Nikaamka. Wifi Nanzia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akimkodolea macho Nakijwa aliyelala ubavuni mwangu.

"Wifi, huyu umemsuka saa ngapi?"

"Mimi? Si wewe?"

"Kichwa hicho nakigusaje mie!"

Nikageuka kutazama. Mstari wa mwisho ulikuwa umesukwa, umepinda kidogo katikati, kazi ya mkono uliokaa bure muda mrefu. Vidole vyangu vya kushoto vilinukia nazi.

Nakijwa akajipapasa juu ya sikio, macho bado ameyafumba.

"Mama," akalalamika, "umekaza mno."

"Tulia," nikamwambia. "Zitalegea ukiwa shuleni."