Manyoya Yaliyokwama Forodhani

Fundi alikwenda ghala la forodha akiwa amejiandaa kugombana. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, makali mbele, makali zaidi nyuma. Makasha yake ya viatu yalikuwa yamekwama mpakani tangu mwezi uliopita, na kila alipopiga simu aliambiwa mwenye faili hayupo, jaribu wiki ijayo. Yeye alishajua wanachotaka ni kitu kidogo, na asubuhi ile aliapa mbele ya mama mkwe wake kwamba hawatapata hata senti ya chai.

"Nenda taratibu," mama mkwe alimwambia. "Ukienda na mdomo huo watakuzungusha mpaka mwakani."

Vilikuwa viatu vya kuvaa nyumbani, ngozi kwa nje, manyoya ya mbuzi kwa ndani, vyote vimeshonwa kwa mkono. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha mshono ule, na tangu mume wa fundi afariki, wanawake hao wawili walikula kwa sindano moja. Ndugu wa marehemu walimtaka mama mkwe arudi kwao. Alikataa katakata. Alisema mwanawe amemwachia mke na mbwa, na yeye hamwachi yeyote kati yao. Mbwa aliitwa Karani, kwa sababu alikaa getini akimkagua kila anayeingia kama vile anamwandikisha. Alikuwa wa kahawia, na kifuani alikuwa na doa jeupe, refu na jembamba kama kijiko. Aliwabwekea wote wasio wa nyumbani. Kisha siku moja akatoweka, na mpaka leo mama mkwe alikuwa bado akimwekea bakuli la maji getini kila jioni.

Mkaguzi aliyempokea fundi alikuwa mtu mpole, jambo lililomharibia maandalizi yote. Alimpeleka chumba cha nyuma, akamvutia kiti. Mezani palikuwa na kiatu kimoja kimechanwa kuanzia kidoleni hadi kisiginoni.

"Nani kakichana?"

"Sisi. Samahani, dada. Kaa kwanza." Mkaguzi mwenyewe hakukaa. "Tuna mbwa wetu wa kunusa mizigo. Akikuta bangi anabweka. Kwenye makasha yako hakubweka, alilala chini akaanza kulia. Hatukumwelewa. Tukachana kimoja, hatukukuta kitu, ndipo tukapeleka manyoya maabara. Hapo ndipo tulipochelewa."

"Na hao maabara wanasemaje? Mbuzi wangu anavuta bangi?"

Mkaguzi hakucheka. "Si mbuzi, dada. Ni mbwa. Tumepima kutoka kila kasha. Wote ni mbwa."

Fundi alicheka, akacheka peke yake, mpaka kicheko kikamkatikia njiani. Aliyashika yale manyoya mezani, na vidole vyake vikakumbuka jinsi alivyoyasifia ulaini. Hakuwa amewahi kushtuka namna ile, hata siku alipoletewa habari ya mumewe, maana ile ilikuja na watu wa kumshika.

"Mzigo utateketezwa," mkaguzi alisema. "Mimi nataka kujua ngozi unaletewa na nani."

Aliomba apewe mpaka kesho.

Ngozi alikuwa akiletewa na kaka yake, tumbo moja, aliyesimama naye msibani tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi alikuwa akizileta zimeshakatwa na kutiwa rangi nyeusi, eti anampunguzia mdogo wake kazi. Fundi alimkuta nyuma ya nyumba yake, anakoroga pipa la rangi kwa mti. Hakumsalimu.

"Kaka, unaniletea ngozi za mbwa?"

Alitaka kaka ashtuke. Alitaka autupe ule mti chini, aulize mbwa gani, waende pamoja wakamkabe huyo aliyewatapeli.

"Nani kakwambia?" kaka aliuliza, na mti ukaendelea kuzunguka.

Fundi alirudi hatua moja nyuma.

"Mbuzi wamepanda bei, mdogo wangu. Ungetaka nifanyeje? Hao ni mbwa wa jalalani, hawana mwenyewe. Na wewe mwenyewe ulisifia ulaini."

"Na Karani?"

Hapo mti ukasimama. "Karani ni wa nyumbani. Nimguse mbwa wa shemeji? Haki ya marehemu, sijamgusa."

Fundi alimwamini. Alimwamini kwa sababu bila hivyo hakuwa na kaka tena, na kwa siku moja alikuwa ameshapoteza vya kutosha. Njiani kurudi alipanga uongo wake vizuri: mzigo umeingia unyevu, umeharibika, basi. Mama mkwe hakuwa na haja ya kujua zaidi.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, miguu mitupu. Pembeni yake palikuwa na beseni la maji meusi. Mapajani alikuwa na viatu vyake vya nyumbani, jozi ya kwanza iliyotokana na ngozi zile laini. Fundi alimshonea yeye kabla ya mteja yeyote, kwa ajili ya miguu yake isiyopata joto.

"Wamekuachia mzigo?"

"Mama, mzigo umeingia unyevu..."

"Nimevifua leo," mama mkwe alisema, kana kwamba hakusikia. "Rangi yote imetoka. Kumbe chini yake si vyeusi, ni vya kahawia."

Alikipanua kiatu cha kushoto kwa vidole vyote viwili vya gumba. Ndani, mahali unyayo unapokaa, palikuwa na doa jeupe, refu na jembamba.

"Nimeshona ngozi maisha yangu yote," alisema. "Niambie, mwanangu. Huyu ni mbuzi gani?"

Uongo wote ukamtoka fundi kichwani. Alichuchumaa pale chini akamweleza kila kitu, mbwa wa forodha aliyelala akilia, maabara, pipa la rangi, kiapo cha kaka kwa jina la marehemu. Alilia kwa sauti kama mtoto. Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, kiatu kikiwa bado mkononi.

"Nilikuwa najiuliza alitokaje getini bila kubweka," alisema mwishowe. "Hakuwa na sababu. Alikuwa anamjua."

"Kesho narudi kwa mkaguzi, mama. Nitamtaja."

Mama mkwe aliviweka viatu vyote viwili kwenye ngazi, pamoja, taratibu. Kisha aliinuka, akatembea peku mpaka getini, akaliinua lile bakuli na kumwaga maji.