Matundu Manne ya Mbele

Geti letu ni jembamba, hilo sikatai. Lakini gari linapita na heshima yake, mradi dereva anatazama anakokwenda. Nguzo ya kulia ina rangi za wote walioingia hapa bila kutazama: bluu ya daktari, nyeupe ya mhasibu, kijani ya bwana mmoja aliyeniapia kuwa ameendesha miaka ishirini bila mkwaruzo. Kwa hiyo Jumatatu ile, mwanamke mmoja alipoingia na gari la zamani la rangi ya maziwa, nikasikia krrr, wala sikunyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Karibu," nikamwambia. "Umeshasaini kitabu cha wageni."

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Uwanja huu nagawana na kaka yangu, yeye ni fundi wa mabati na kuchomelea. Ananiita Mpelelezi kwa sababu siwezi kushona kiti kabla sijajua kimekaliwa na nani. Na aniite tu. Kuuliza si ujinga.

Yule mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, alipangusa mkwaruzo kwa kidole chenye mate kana kwamba utafutika, kisha akanieleza shida yake hapohapo amesimama. Gari lilikuwa la baba yake, mkaguzi wa shule, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Baada ya msiba, watoto wakaona wamfurahishe mama yao. Wakalipeleka kwa fundi, likanyooshwa, likapakwa rangi, likawekwa viti vya sponji na kitambaa cha kijivu. Siku liliporudi mama alitoka kulipokea, akafungua mlango wa dereva, akachungulia, akaufunga. Tangu siku hiyo hajaligusa. Wala nje hatoki. Harusi haendi, kwa dada yake haendi, akiitiwa teksi anasema miguu inamuuma.

"Anakaa dirishani kutwa, anatazama barabara," Mwalimu alisema. "Kaka zangu wanasema ni uzee tu, gari liuzwe. Mteja anakuja Jumamosi. Mimi nasema kuna kitu tuliharibu. Nirudishie viti kama vilivyokuwa. Mama akikubali kuingia, gari linabaki. Asipoingia..."

"Vilikuwaje?"

"Vyekundu, vya ngozi. Zaidi ya hapo sijui. Sisi watoto tulikuwa hatulipandi. Siku za kazi baba alikwenda nalo kukagua shule za mbali, na mama alifuatana naye kumshikia makaratasi. Jumapili tulitembea kwa miguu. Baba alikuwa anasema gari nalo lina Jumapili yake."

Nilicheka. Nilimpenda yule mzee bila kumwona.

"Na huyo fundi wa kitambaa cha kijivu ni nani, nimfahamu?"

Mwalimu akanyoosha kidole nyuma yangu. Kaka yangu alikuwa ameinama anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

"Ilikuwa kwenye gereji yangu ya zamani," akasema. "Walitaka kisasa, nikawapa kisasa."

Nilianza siku ileile. Kiti cha dereva kwenye gari lile hakisogei, kinakaa juu ya reli mbili za chuma na kufungwa kwa bolti nne. Kaka yangu alikuwa amezichomelea juu ya reli zisiende popote. Tulipozikata na kukitoa kiti, nikaona reli zina matundu manane. Manne ya nyuma yalikuwa safi, ya kiwandani. Manne mengine, kiasi cha kiganja kimoja mbele, yalikuwa yametobolewa kwa mkono, kingo zake zimeparuzika. Nilikasirika. Nani katoboa gari la watu hivi? Nikamwambia kaka azibe yale ya mbele. Akaziba, akasaga, akapaka rangi, mpaka usingejua kama yaliwahi kuwapo. Nikamsifu. Sikuuliza swali hata moja, mimi Mpelelezi mzima.

Jumanne nilivua sponji zote. Afadhali springi za zamani kaka yangu hakuzitupa. Springi za kiti zinamjua mtu kuliko daktari wake. Za kiti cha abiria zilikuwa zimelala katikati, kwa upana, kama kitanda cha mtu mnene. Za dereva zilikuwa zimelegea ukingoni tu, mbele, sehemu ndogo ya kukaa mtoto. Nikampigia Mwalimu simu.

"Baba yako alikuwa na umbo gani?"

"Baba? Pandikizi la mtu. Mlangoni alikuwa anainama."

Nikamgeukia kaka yangu. "Umechanganya springi wewe!"

"Sijachanganya."

"Umechanganya! Pandikizi la mtu haliketi kwenye ncha ya kiti kama bibi harusi."

Akaapa kwa kaburi la mama yetu. Kaka yangu ana makosa mengi, lakini kaburi la mama halichezei. Usiku ule nilikula bila kujua nakula nini.

Jumatano nilihitaji kujua ule wekundu ulikuwa wekundu gani. Chini ya fremu nilikuwa nimekuta ukanda wa ngozi wa urefu wa kidole, umeshonwa mishono miwili sambamba, lakini rangi imekufa. Mwalimu akasema nyumbani hakuna kipande kilichobaki, isipokuwa mto mwekundu anaoukalia mama dirishani, na mto huo haruhusu mtu auguse hata kuupangusa vumbi.

"Piga picha."

"Ya mama?"

"Ya mto, Mwalimu."

Jioni alinipitia akanionyesha picha kwenye simu. Ngozi ileile, mishono miwili ileile. Rangi nilishaipata, ningeweza kumrudishia simu yake tukaagana. Lakini ule mto ulikuwa na umbo la ajabu. Nyuma ulikuwa mnene, mbele mwembamba. Mto wa namna hiyo ukiukalia kwenye kiti cha mezani unateleza mpaka chini. Mahali pake ni kwenye kiti kilicholalia nyuma. Kiti cha gari.

"Mama yako ana urefu gani?"

Akaonyesha begani kwake, na yeye mwenyewe si mrefu.

"Anajua kuendesha?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango. "Mama? Hata baiskeli hajawahi!"

Sikucheka. Nilikuwa na la kumwambia, likafika hadi kwenye meno, nikalimeza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa dirishani. Nani kanituma?

Alipoondoka nilimfuata kaka yangu.

"Kile kiti ulikikuta kimefungwaje?"

"Ovyo kabisa. Nati za masikio."

"Zipi?"

"Zile unazozungusha kwa vidole bila spana. Nani anafungia kiti cha gari vitu vile? Na masikio yenyewe yamelika, yanang'aa kama kijiko. Nikazing'oa."

Chuma haking'ai chenyewe. Kinang'aa kwa kushikwashikwa. Nati zile zilifunguliwa na kufungwa kila siku, miaka na miaka, na mtu asiyekuwa na muda wa kutafuta spana.

"Ziko wapi?"

"Kama zipo, zipo kwenye kopo."

Kopo la kaka yangu ni ndoo. Tukalimwaga lote chini, tukapiga magoti, yeye akilalamika na mimi nikichambua. Tatu tukazipata. Ya nne nilikuja kuiona Alhamisi asubuhi, imefungia mpini wa sufuria yake ya chai.

"Usithubutu," akasema.

"Utashikia tambara."

Kisha nikamwambia anitobolee tena yale matundu manne ya mbele, palepale yalipokuwa.

"Jumatatu ziba, Alhamisi toboa. Wewe una akili timamu?"

"Nilikosea."

Aliweka drili chini, akanitazama. Nadhani tangu tuzaliwe hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Kisha akaiokota, akatoboa.

Ijumaa kutwa nilishona. Ngozi nyekundu, mishono miwili, ndani springi zilezile na katani, hakuna sponji. Springi sikuzinyoosha, nilizifunga tu zilivyolala. Jioni nikampigia Mwalimu simu.

"Kesho njoo na mama."

"Hatakuja, nimeshakueleza."

"Mwambie hivi tu: fundi amezipata nati za masikio, zote nne."

"Ndiyo nini?"

"Mwambie."

Jumamosi saa tatu teksi ilisimama nje ya geti. Akashuka mama mmoja mdogo, mkavu, mto mwekundu kwapani. Mwalimu nyuma yake alikuwa ameduwaa. "Nilipomwambia," akaninong'oneza, "aliomba viatu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ziko wapi?"

Nilimfungulia mlango wa dereva. Hakutazama ngozi wala mishono yangu, na mimi ile mishono niliitolea jasho. Aliinama, vidole vikaenda chini ya kiti bila kupapasa. Akazungusha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akachomoa bolti, akasukuma kiti mbele kiganja kimoja, bolti zikaingia kwenye matundu ya mbele, akakaza. Akaweka mto. Akaketi. Miguu ikafika kwenye pedali, macho yakapita juu ya usukani. Hata dakika mbili hazikwisha.

"Mama," Mwalimu akasema, "unafanya nini?"

"Naketi kwangu."

Mama akashika usukani kwa mikono miwili.

"Ulipoanza darasa la kwanza, macho ya baba yako yalikuwa yanakwisha. Karatasi aliiona, barabara haioni. Miwani ilishindwa. Mkaguzi asiyeweza kufika shuleni angeachishwa kazi, na ninyi mlikuwa wanne mnakula. Alinifundisha mwenyewe, kwenye uwanja wa mpira. Nikawa naendesha mimi. Tukikaribia shule tunasimama, narudisha kiti nyuma, yeye anashika usukani, anaingia nalo polepole mpaka kwenye bendera, nami pembeni namwambia kulia, kushoto. Tukitoka, nasogeza tena."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka akastaafu. Ninyi mlipohama tukawa tunatoka hivihivi tu, kutembea. Mpaka wiki aliyolazwa."

"Na Jumapili..."

"Siku za kazi tulitoka ninyi mko shuleni na majirani kazini. Jumapili wote wako barazani," mama akasema. "Wangeniona."

Mwalimu alianza kulia. "Mbona hukutuambia? Hata baada ya msiba?"

"Aliniomba nisimwambie mtu, na amekufa hajanifungua ahadi hiyo. Mpaka leo sikumwambia mtu. Aliyeona ameona mwenyewe." Akanitupia jicho, si la ubaya. "Lakini siku ile nilifungua mlango nikakuta kiti kimegandishwa nyuma kabisa. Miguu yangu haifiki. Nilisema basi, wanangu wamenifungia nje. Na kuwauliza siwezi."

Kaka yangu alisogea, kofia mkononi. "Mama, nisamehe. Aliyechomelea ni mimi."

"Ulichomelea vizuri sana, baba," mama akamjibu. "Hapo ndipo ubaya ulipokuwa."

Simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa kaka yake, sauti tuliisikia wote: mteja amefika, yuko sebuleni, gari liko wapi? Mwalimu akamtazama mama yake, machozi bado yanamtoka.

"Mwambie mama katoka," mama akasema. "Katoka na gari. Kisha panda twende kwa mama yako mkubwa, siku nyingi sijamwona."

"Nikae wapi?"

"Upande wa baba yako."

Mwalimu akazunguka, akafungua mlango wa pili, akaketi. Springi zilimmeza, akadidimia kwenye lile shimo pana mpaka kichwa kikabaki chini ya kioo. Akaweka viganja kwenye kiti huku na huku.

Injini ilikohoa, ikashika. Geti letu gari likitoka linatoka kinyumenyume, na hapo ndipo wengi wanaponiachia rangi. Kaka yangu alikimbia kwenda kumwelekeza kwa mikono. Mama akamwashiria asimame kando, akatazama kioo mara moja, akarudi nyuma moja kwa moja mpaka barabarani, akakata kona, akaondoka.

Kaka yangu alikwenda kuipapasa nguzo kwa kiganja, juu mpaka chini. Hakukuta mkwaruzo mpya.